Tiba mtandao kwa jicho la sayansi ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, wauguzi, ndugu wa wagonjwa na maofisa wanaopanga huduma. Hapa hutapata ushauri wa programu ipi upakue kwenye simu. Majibu mengi yanarudi kwenye hoja moja: mgonjwa na daktari wakitenganishwa, kazi ya tiba haipungui, inahama. Kwa hiyo kila mara tunauliza nani ameipokea. Swali likigusa jambo lililojibiwa pengine, utaelekezwa huko kwa namba.

## Misingi

1. Tiba mtandao ni nini hasa?

Ni huduma ya afya inayotolewa wakati mhudumu na mgonjwa, au wahudumu wawili, wako mahali tofauti na wanawasiliana kwa simu, video, ujumbe au vifaa vinavyotuma vipimo. Wengi wakilisikia neno hili huona uso wa daktari kwenye kioo cha simu. Lakini picha ya eksirei inayotumwa usiku ikasomwe na mtaalamu aliye mji mwingine ni tiba mtandao. Mashine ya presha ya nyumbani inayopeleka namba kliniki kila asubuhi ni tiba mtandao pia, na hata simu ya kawaida ya muuguzi anayeuliza kidonda kinaendeleaje.

Ni vizuri kuzitenganisha, kwa sababu kila aina ina watu wake na mvutano wake. Anayesoma picha hakutani kabisa na mgonjwa. Anayejipima presha anakutana na kifaa kila siku na mtu mara chache. Anayesifu au kuponda "tiba mtandao" kwa jumla mara nyingi anazungumzia aina moja tu.

2. Jambo hili ni la madaktari na mafundi. Sayansi ya jamii inatafuta nini hapo?

Fundi huuliza kama picha inafika bila kukatika. Daktari huuliza kama mgonjwa anapona sawasawa. Mwanasosholojia huuliza nani sasa anafanya kazi ambayo jana haikuwa yake, na nani anasikilizwa. Mwanauchumi huuliza gharama imeangukia mfuko wa nani, na mwanaanthropolojia huenda kukaa na watu nyumbani aone kifaa kimewekwa wapi na kwa nini kimefunikwa kitambaa.

Mfano mmoja. Mwaka 1951 mwanasosholojia Talcott Parsons alieleza kwamba kuugua ni nafasi ya kijamii yenye masharti: jamii inakusamehe majukumu yako, nawe unatakiwa kutafuta msaada na kushirikiana na mtabibu. Safari ya hospitali ilikuwa sehemu ya msamaha huo, maana aliyekwenda hospitali alionekana kwamba anaumwa kweli. Leo mtu anaonwa na daktari kwa dakika kumi akiwa kwenye mapumziko kazini, kisha anarudi kwenye kiti chake. Ametibiwa, ila msamaha hakuupata. Hakuna kipimo cha maabara kitakachokuonyesha hilo.

3. Si mambo yaliyokuja na UVIKO-19?

Hapana. UVIKO-19 iliyasambaza tu. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mjini Leiden, Uholanzi, alipitisha mapigo ya moyo kwenye waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Sababu yake haikuwa na makuu: mashine ya kurekodi mapigo ilikuwa kubwa mno kuhamishwa, na wagonjwa walikuwa hospitalini. Mwaka 1935 kilianzishwa Roma kituo cha redio cha kuwashauri mabaharia wanaougua baharini. Nebraska, Marekani, wataalamu wa magonjwa ya akili walianza kutumia televisheni ya pande mbili mwaka 1959, na kufikia 1964 walikuwa wameunganishwa na hospitali iliyo umbali wa maili 112. Mwaka 1968 Kenneth Bird wa Massachusetts General Hospital aliunganisha hospitali hiyo na kliniki ya uwanja wa ndege wa Logan, Boston.

Ukiitazama historia hii utaona kila kizazi kinatangaza kwamba umbali umekwisha. Mwaka 1925 mhariri Hugo Gernsback alichapisha mchoro wa chombo ambacho kingemwezesha daktari kumpapasa mgonjwa kwa mikono ya mashine kutoka mbali. Karne moja baadaye, kupapasa ndiko bado kunatushinda (tazama swali la 5).

4. Kama ni ya zamani hivyo, kwa nini miradi mingi hufa majaribio yakiisha?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba fedha ziliisha au watu wanaogopa mabadiliko. La kwanza mara nyingi ni kweli. La pili ni uvivu wa kufikiri.

Mwanasosholojia Carl May na wenzake walitumia miaka mingi kuangalia huduma za aina hii zikiingizwa hospitalini Uingereza, wakafika kwenye wazo kwamba kitu kipya hudumu pale watu wanapokifanyia kazi ya pamoja: wanakubaliana kina maana gani, nani anakishughulikia, na wanarudi kukitathmini. Wakati wa majaribio kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja mwenye moyo, mara nyingi muuguzi au daktari kijana, anayepanga miadi, kuwapigia wagonjwa simu na kutengeneza kamera. Akihamishwa, mradi umekwisha, hata kama mitambo ipo na inawaka.

Mwaka 2017 Trisha Greenhalgh na timu yake walitoa mfumo wa kuchunguza kwa nini teknolojia za afya hukataliwa, huachwa au hushindwa kuenea. Unatazama maeneo saba, kuanzia ugonjwa wenyewe na kifaa hadi taasisi na sheria. Funzo lake ni kwamba ugumu hujilimbikiza: ugonjwa ukiwa tata, kifaa kikiwa tata na taasisi ikiwa dhaifu, usitarajie mafunzo ya siku mbili yaokoe jambo.

## Mgonjwa na daktari wanapokutana

5. Daktari anaweza kunielewa bila kunigusa?

Sehemu kubwa ya kutambua ugonjwa hutokana na maelezo, na maelezo husafiri vizuri kwa simu. Tatizo ni mkono. Daktari anapokuambia "bonyeza hapo chini ya mbavu, uniambie kama panauma," amekukabidhi kazi aliyosomea miaka. Hujui ubonyeze kwa nguvu gani, na mtu hujionea huruma akifika penye maumivu. Daktari naye hapati hisia ya tumbo lililokaza. Anapata taarifa yako kuhusu tumbo, na hicho ni kitu kingine.

Mguso una kazi nyingine isiyoandikwa kwenye faili. Wagonjwa wengi huutumia kama ushahidi kwamba wameangaliwa kweli. "Hata hakunigusa" ni lalamiko la zamani kuliko intaneti.

Historia hapa ina kejeli yake. Katika karne ya 18 waganga wa Ulaya, kama Samuel Auguste Tissot wa Lausanne, Uswisi, walitibu wagonjwa wengi kwa barua, na simulizi ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa kipimo kikuu. Kisha zikaja hospitali za Paris na, mwaka 1816, chombo cha daktari Mfaransa Laennec cha kusikiliza kifua. Mwanafalsafa Michel Foucault alionyesha jinsi jicho la daktari lilivyojifunza wakati huo kuuamini mwili kuliko maneno ya mwenye mwili. Tiba mtandao imeirudisha simulizi mezani. Kwa mgonjwa anayejua kujieleza hiyo ni neema. Kwa asiyejua, au anayezungumza lugha tofauti na ya daktari, ni hatari mpya.

6. Simu ya sauti au video, ipi bora?

Inategemea unachotaka kuona. Upele, mwendo, uvimbe wa mguu au mtoto anayepumua kwa shida vinahitaji picha. Majibu ya vipimo au kuongezewa dawa ya zamani, sauti inatosha, tena haili bando.

Utafiti wa Scotland uliolinganisha njia zote tatu, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba mazungumzo ya simu na ya video yalikuwa mafupi kuliko ya ana kwa ana, na wagonjwa walitaja matatizo machache zaidi. Hili la pili ndilo la kuzingatia. Kliniki mtu huanza na kikohozi, na akishika kitasa cha mlango kutoka ndipo husema lililomleta. Kwenye simu kitasa hakipo. Daktari anayejua hili huuliza "na jingine?" kabla ya kuaga, kisha hunyamaza kidogo.

Kuhusu ule ukakasi wa video: utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pengo kati ya swali na jibu katika mazungumzo ya kawaida ni kama sekunde 0.2 kwa wastani. Mtandao ukichelewesha sauti kwa nusu sekunde tu, mgonjwa anasikika kama anayesita, na daktari kama asiye na uhakika. Hakuna aliyekosea adabu, ila kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya. Kuambiana mwanzoni kwamba sauti inachelewa kunasaidia kuliko mtu anavyodhani.

7. Naweza kumwamini daktari ambaye sijawahi kukutana naye?

Watu humwamini daktari kwa sababu mbili zinazochanganyika: wanamjua yeye, au wanaiamini taasisi iliyo nyuma yake. Daktari wa kwenye kioo huegemea zaidi ya pili. Kama taasisi ina jina zuri, mgonjwa humkubali mgeni upesi. Kama haina, tabasamu halitoshi.

Ufaransa ililichukulia jambo hili kwa uzito. Bima ya afya ilipoanza kulipia mashauriano ya video tarehe 15 Septemba 2018, kanuni ya kawaida ilikuwa kwamba daktari awe anamjua mgonjwa na awe amemwona ana kwa ana katika miezi 12 iliyotangulia. Sharti hilo lililegezwa Machi 2020 kwa sababu ya janga. Kwa maoni yangu kanuni ya awali ilikuwa na busara: video inaendeleza vizuri uhusiano uliopo, lakini kuuanzisha ni kazi ngumu zaidi.

8. Kuonwa nikiwa nyumbani si faragha zaidi kuliko kliniki?

Kwa anayeishi peke yake, pengine. Kwa wengine kliniki ndiyo mahali pekee penye mlango unaofungwa. Nyumbani kuna watoto, mashemeji, ukuta mwembamba na simu inayotumiwa na watu watatu. Msichana anayetaka kuuliza kuhusu uzazi wa mpango hawezi kuuliza mama akiwa kiti cha pili.

Mwanasosholojia Erving Goffman alitenganisha jukwaa, tunapojionyesha kwa wengine, na nyuma ya pazia, tunapojiachia. Video inaleta jukwaa chumbani. Watu hufagia kona moja tu inayoonekana kwenye kamera, au huzima kamera kwa sababu hawataki daktari aone wanakolala. Daktari naye huona asivyopaswa kuona, na wakati mwingine anavyopaswa: jiko lenye moshi, dawa zilizopangwa dirishani kwenye jua.

Suala zito zaidi ni ukatili wa nyumbani. Kliniki, muuguzi anaweza kumwomba mwenza atoke nje. Kwenye video hajui nani amesimama nyuma ya kamera. Ndiyo maana Aprili 2020 Canadian Women's Foundation ilieneza ishara ya kimya ya kuomba msaada: kiganja kinaelekezwa kwenye kamera, kidole gumba kinakunjwa, vidole vingine vinakifunika. Wahudumu wenye uzoefu pia huanza kwa maswali ya ndiyo au hapana: uko peke yako? kuna anayekusikia?

## Kazi imehamia kwa nani?

9. Tiba mtandao inawapunguzia wahudumu kazi?

Baadhi yao, kwa saa fulani. Turudi kwenye kliniki ya Logan (swali la 3). Historia inamkumbuka daktari aliyekuwa kwenye televisheni, lakini upande wa mgonjwa alikuwako muuguzi aliyeshika kifaa cha kusikiliza moyo, akageuza kamera na kumtuliza mtu. Bila yeye daktari angeangalia ukuta. Mwanasosholojia Anselm Strauss na wenzake waliwahi kuonyesha kwamba hospitali husimama juu ya kazi nyingi zisizohesabiwa: kuunganisha, kubembeleza, kurekebisha. Kazi hizi huongezeka watu wanapotenganishwa.

Leo kuna kazi mpya kabisa. Mtu fulani lazima asome namba zinazomiminika kutoka mashine za nyumbani, aamue presha ipi ni ya hatari na ipi imetokana na mgonjwa kujipima baada ya kupanda ngazi, kisha apige simu. Nelly Oudshoorn wa Uholanzi, aliyechunguza huduma za namna hii, alieleza jinsi zinavyozaa wauguzi wa aina mpya wanaokaa kwenye vituo vya simu na kujenga ukaribu kwa sauti tu. Hiyo ni kazi yenye ustadi, ingawa kwenye bajeti mara nyingi huandikwa kama upokeaji wa simu.

10. Kujipima nyumbani ni uhuru au mzigo?

Ni vyote viwili, na mara nyingi kwa mtu yuleyule.

Mradi mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 2008, wenye wagonjwa 3,230 wa kisukari, moyo na mapafu, ulijaribu ufuatiliaji wa nyumbani. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha vifo na kulazwa kwa dharura vikiwa vichache zaidi kwa waliopewa vifaa. Lakini watafiti waliozungumza na waliokataa au kuacha walipata picha nyingine. Hao hawakuwa wajinga wala waoga. Wengine waliona kifaa sebuleni kinawatangaza kuwa wagonjwa na tegemezi, wakati wao walijiona watu wanaojimudu. Wengine walikuwa na njia zao za kujiangalia na hawakuona sababu ya kuziacha.

Carl May (swali la 4) na wenzake Victor Montori na Frances Mair waliandika mwaka 2009 kwamba tiba yenyewe ni mzigo na ipunguzwe iwezekanavyo. Mtu mwenye magonjwa matatu anaweza kuwa na ratiba ya kujipima inayozidi ajira ya nusu siku.

Pamoja na hayo, Jeannette Pols, aliyefanya utafiti wa kina Uholanzi, alikuta jambo lisilotarajiwa: wagonjwa waliokabidhiwa vifaa wakati mwingine walikuwa karibu zaidi na wauguzi wao kuliko awali, kwa kuwa waliwasiliana kila siku. Hofu kwamba mashine daima huleta ubaridi haina msingi imara. Inategemea kama upande wa pili kuna mtu anayejibu.

11. Binti yangu ndiye anayeshika simu na kuniongelea. Kuna ubaya?

Bila ndugu wa namna hii huduma nyingi za mbali zisingewezekana. Wao ndio wanaowasha, kuelekeza kamera, kukumbuka majina ya dawa na kutafsiri. Jambo la kuangalia ni kwamba anayeshika simu hushika pia mazungumzo. Ndugu hufupisha, hupamba, au huficha kwa huruma. Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia, alifundisha kwamba mgonjwa ana maelezo yake ya kwa nini anaumwa na anaogopa nini, na maelezo hayo yakipitia kinywa cha mwingine hubadilika.

Mhudumu mzuri hutenga dakika chache za kuongea na mgonjwa mwenyewe, hata kwa shida. Kwa masuala ya siri, mkalimani asiye ndugu ni salama zaidi. Na binti naye aulizwe anatumia muda gani kwenye kazi hii, maana kwa kawaida hakuna anayemuuliza.

## Nani anafikiwa, nani anaachwa

12. Si kweli kwamba inawafikia zaidi walio mbali na hospitali?

Inaweza, na mahali pengine imefanya hivyo. Lakini haifanyi hivyo yenyewe. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa wachimba makaa huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri hupatikana kinyume na mahitaji: wenye shida zaidi hupata kidogo zaidi, hasa soko likiachiwa lifanye kazi lenyewe. Tiba mtandao inaingia kwenye mkondo huohuo. Mwenye simu nzuri, chumba tulivu na lugha ya ofisini huingia haraka, na nafasi za madaktari zinajaa kabla mwingine hajapata mtandao.

Pengo la kidijitali lina tabaka kadhaa. La kwanza ni kuwa na kifaa na mtandao. La pili, ambalo Eszter Hargittai alilionyesha mwaka 2002, ni ujuzi wa kutumia ulichonacho. Kuna pia swali la nani ndani ya nyumba anamiliki simu: kaya inaweza kuhesabiwa kuwa imeunganishwa huku mama akiomba ruhusa kila anapotaka kupiga. Takwimu za kaya huficha hilo kabisa.

13. Wazee hawaiwezi, sivyo?

Umri peke yake haukuambii mengi. Uoni, usikivu, ujuzi na uwepo wa msaidizi hueleza zaidi. Ukiona mfumo unawashinda wazee, chunguza kwanza ukubwa wa maandishi na idadi ya nywila unazowadai.

14. Vifaa vya kupimia vinapima watu wote sawa?

La. Mwaka 2020, wagonjwa wengi wa UVIKO-19 waliobaki majumbani walitegemea kifaa kinachobana kidole na kupima oksijeni kwa mwanga. Desemba mwaka huo, utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho hakikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Rangi ya ngozi huathiri upitaji wa mwanga, na kifaa kinachopimwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe hubeba kosa hilo kimya kimya.

Hospitalini muuguzi anayemwona mgonjwa akihema ataitilia shaka namba. Mbali, namba ndiyo inayoonekana zaidi. Ndiyo sababu swali "unapumuaje ukizungumza?" lisifutwe eti kifaa kimesema asilimia 95.

## Fedha, sheria na siri

15. Tiba mtandao ni nafuu?

Kwa nani? Mgonjwa anaokoa nauli na siku ya kazi, ila ananunua bando na pengine kifaa. Hospitali inaokoa nafasi, ila inaajiri wa kusoma namba. Mradi wa Uingereza uliotajwa katika swali la 10 ulipopigiwa hesabu mwaka 2013, kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya ulioongezwa ulikadiriwa kugharimu pauni 92,000, wakati kiwango kilichokubalika kwa kawaida nchini humo wakati huo kilikuwa pauni 20,000 hadi 30,000. Vifo vilipungua, na bado hesabu haikukaa vizuri. Anayetangaza unafuu bila kusema mfuko wa nani amepima hajajibu swali.

16. Daktari akiwa nchi nyingine, sheria ya wapi inatumika?

Hakuna jibu moja duniani, na hilo lenyewe ni la kufikiriwa. Marekani kwa kawaida huduma huhesabiwa kutolewa pale alipo mgonjwa, hivyo daktari huhitaji leseni ya jimbo hilo. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2011, ulisema kinyume: huduma ya mbali inatolewa katika nchi alikosajiliwa mtoa huduma. India, katika mwongozo wa tarehe 25 Machi 2020, iliruhusu daktari aliyesajiliwa kumhudumia mgonjwa popote ndani ya nchi. Kila kanuni inachagua nani atasafiri kudai haki mambo yakiharibika. Kabla ya kulipa, uliza daktari amesajiliwa na bodi gani na malalamiko hupelekwa wapi.

17. Maelezo yangu yako salama?

Siri ya tiba zamani ilikaa kichwani mwa daktari na kwenye kabati. Sasa imo pia kwenye kampuni ya programu, seva na simu yako. Kinachoweza kutokea kilionekana Finland Oktoba 2020: kumbukumbu za mazungumzo ya tiba ya kisaikolojia zilizoibwa kutoka kampuni ya Vastaamo zilitumiwa kuwatishia wagonjwa mmoja mmoja walipe fedha. Hao ni makumi ya maelfu ya watu. Kumbuka walikuwa wamezungumza ana kwa ana na wataalamu wao. Kilichovuja ni faili. Kwa hiyo kukataa video hakukulindi kama rekodi zinahifadhiwa vibaya.

Madhara ya kijamii hutangulia hata wizi. Mtu akihofia kuvuja, hupunguza anachosema.

## Hali zisizo za kawaida

18. Ushauri wa afya ya akili unafaa kwa njia hii?

Ni moja ya nyanja za zamani kabisa za tiba mtandao (swali la 3), na kwa sababu nzuri: chombo kikuu ni mazungumzo. Wengine hufunguka zaidi wakiwa mbali, jambo ambalo mwanasaikolojia John Suler alilieleza mwaka 2004 alipochunguza jinsi watu wanavyolegeza vizuizi vyao mtandaoni. Lakini kufunguka haraka si lazima kuwe salama. Anayefunua jeraha kubwa kwenye kioo, kisha mtandao ukakatika, amebaki nalo peke yake. Kabla ya kuanza, pande mbili zinapaswa kujua mgonjwa yuko anwani gani leo, nani yuko karibu, na watapigiana namba ipi mawasiliano yakikatika.

19. Habari mbaya zinaweza kutolewa kwa video?

Wakati mwingine hakuna njia nyingine, na kumsafirisha mtu siku nzima akapokee sentensi moja kuna ukatili wake. La kupanga ni nani atakuwa kando yake. Ofisini, daktari husogeza kiti na kunyamaza. Kwenye video, ukimya husikika kama mtandao umekwama, hivyo mhudumu husema kwa maneno: "Nipo, chukua muda wako." Na asikate simu kabla hajajua mgonjwa atazungumza na nani baada yake.

20. Upasuaji wa mbali ulishafanyika. Hauonyeshi kwamba kila kitu kinawezekana?

Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux na timu yake, wakiwa New York, walimtoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kibofu cha nyongo kwa mikono ya roboti. Ilifanikiwa. Ila Strasbourg kulikuwa na chumba kamili cha upasuaji na madaktari waliosimama tayari kuingilia. Mahali palipo na hayo yote kwa kawaida pana daktari wa kuutoa mfuko huo mwenyewe. Kile kilichokuwa kikikosekana kwenye vijiji visivyo na chumba cha upasuaji kiliendelea kukosekana.

21. Nina haki ya kukataa na kudai kuonwa ana kwa ana?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza tiba mtandao ikamilishe huduma ya ana kwa ana, isiichukue nafasi yake. Kimaadili jibu ni ndiyo. Kiutendaji, haki hiyo ina thamani pale tu mlango wa pili ukiwa wazi. Ridhaa nayo ina utata: mwongozo wa India (swali la 16) unasema mgonjwa akianzisha mashauriano mwenyewe, amehesabiwa kuwa ameridhia. Hilo linaeleweka kwa mwenye chaguo. Kwa ambaye kliniki yake imepunguza siku za kufungua baada ya huduma ya simu kuanza, kupiga simu hakuonyeshi sana anachopendelea.

Ukikataa, eleza sababu na omba iandikwe kwenye faili: sisikii vizuri, sina chumba cha faragha, dalili hii inahitaji kuguswa. Maumivu makali ya kifua au tumbo, kupooza ghafla, kupumua kwa shida na damu isiyokata havihitaji sababu yoyote, nenda hospitali.